Namhudumia Bibi mgonjwa, watu wananipigia makofi, lakini moyoni nimechoka. Je, huu ni upendo au unafiki?

Shikamoo Mama. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala Charambe, nina genge la nyanya na mboga. Mume wangu ni fundi ujenzi, kazi ikipatikana anakwenda hata Bunju na kurudi usiku. Tunasali hapa hapa jirani, mimi niko kwaya na ni mjumbe wa jumuiya yetu.

Kwenye jumuiya yetu kuna Bibi mmoja, mjane. Mwaka jana kabla ya masika alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukalala na maneno yakapotea. Alilazwa, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa hawezi kujigeuza wala kushika kijiko. Jumapili ile ikatangazwa kanisani tumkumbuke. Mwanzoni tulikuwa wengi. Huyu kaleta mchele, huyu sukari, kwaya tukaenda kumwimbia. Kidogo kidogo watu wakapungua, nikabaki mimi. Hakuna aliyenichagua. Nyumba yangu ni ya tatu kutoka kwake, na siku niliyomkuta amelowa tangu usiku sikuweza kurudishia mlango nikaondoka.

Sasa maisha yangu ni hivi. Alfajiri naenda soko la Stereo kuchukua mzigo. Nikirudi napitia kwa Bibi, nambadilisha pampasi, namwogesha, nampikia uji. Mchana nafunga genge nikamgeuze. Jioni tena. Pampasi za wakubwa zinakula faida yote ya genge, na kuna siku mtaji wenyewe umeguswa. Bibi ana watoto wawili. Mmoja yuko Mwanza, anatuma hela akijisikia. Mwingine yuko Goba, ana gari lake. Alikuja Krismasi, akaniambia, "Mama, bila wewe sijui ingekuwaje, Mungu atakulipa," akaondoka hata mama yake hajamaliza kula.

Siku ya mavuno mchungaji alinisimamisha mbele ya washarika wote akasema, "Huu ndio upendo wa kujitoa sadaka." Makofi na vigelegele. Nikalia, wakadhani ni furaha. Mama, asubuhi ile ile nilikuwa nimembana Bibi mkono kwa nguvu, kwa sababu uji ulimwagika kwenye shuka niliyotoka kuifua. Alinitazama kwa woga. Hawezi kusema, machozi tu yakamtoka. Tangu siku hiyo nikiingia chumbani kwake anautazama kwanza mkono wangu. Na kuna siku nimemwomba Mungu amchukue, nami sijui nilimwombea yeye au nilijiombea mimi.

Kuna jambo lingine. Binti yangu mkubwa yuko kidato cha nne, mtihani ni Novemba. Nikizidiwa namtuma yeye akalale kwa Bibi. Juzi mwalimu wake ameniita, anasema mtoto anasinzia darasani. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama, wewe ulijitolea. Mimi nimetumwa." Na mume wangu hasemi kitu, ila siku hizi anakula kwa mama lishe kabla ya kurudi nyumbani.

Naomba unijibu. Ninachofanya ni upendo au ni unafiki? Nikipunguza, nitakuwa nimemwacha Kristo? Imeandikwa upendo huvumilia yote. Na nikisema nimechoka, mimi niliyepigiwa makofi, nitaonekanaje?

Mama wa Charambe

*

Marahaba mwanangu. Amina.

Barua yako nimeisoma taratibu, na nitaanza na ule mkono, maana naona ndio uliokufanya uandike.

Kumbana mgonjwa asiyeweza kujitetea si jambo dogo, na sitakuambia usijali. Umeona mwenyewe anavyoutazama mkono wako. Nenda ukamwombe radhi. Usidhani kwa kuwa hasemi basi haelewi. Wagonjwa wengi wa kiharusi, hasa wanaopooza upande wa kulia, hupoteza maneno ya kusema huku wakielewa vizuri unachowaambia. Kaa mahali anapokuona uso, sema polepole, "Bibi, siku ile nilikuumiza, nisamehe." Kisha kaa naye kidogo bila kazi yoyote mkononi, bila kumwosha wala kumgeuza. Mtu ambaye kila anayemgusa anamgusa kwa kazi tu husahau kwamba anapendwa.

Na ule uji, mwanangu, pengine Bibi hakuumwaga kwa uzembe. Kiharusi mara nyingi hugusa na kumeza. Mkalishe wima kwa mito, uji uwe mzito kidogo, kijiko kidogo, kiweke upande wa mdomo ulio mzima, usubiri ameze ndipo umpe kingine. Asilishwe akiwa amelala chali hata siku moja, atapaliwa. Akiendelea kukohoa kila anapolishwa, mrudisheni hospitali wamwangalie umezaji wake, na mwulizie hapo hapo mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hao wanaweza kukufundisha namna ya kumwinua na kumgeuza bila kujivunja mgongo. Naamini nusu ya uchovu wako unatokana na kunyanyua mtu mzima peke yako bila kufundishwa na mtu yeyote.

Sasa swali lako la unafiki.

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi, "Pendo na lisiwe na unafiki." Wewe umelisoma neno hilo kana kwamba unafiki ni kuhudumia huku moyo unanung'unika. Sioni hivyo. Mwanamke anayeamka gizani, akamwogesha mama wa watu wengine kwa hela yake ya nyanya, hana unafiki katika hilo hata kama siku hiyo hakujisikia kumpenda. Kuna asubuhi mwili unatangulia na moyo unafuata baadaye. Kuna asubuhi moyo haufuati kabisa, na bado mgonjwa amekuwa msafi na ameshiba. Mungu anaiona kazi hiyo.

Nenda ukasome Gethsemane upya, Mathayo 26. Usiku ule Bwana Yesu hakujifanya ana nguvu. Aliwachukua Petro na wana wawili wa Zebedayo, akawaambia waziwazi, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Akaomba kikombe kimwepuke. Walipolala akawaamsha, akawauliza kama hawakuweza kukesha naye hata saa moja. Huyu ndiye mwenye sadaka kuliko zote, na kabla ya kuitoa alisema inamlemea, akaomba watu wa kukaa naye. Ikiwa yeye aliomba, wewe uliyebaki peke yako chumbani kwa Bibi unaona aibu gani kuomba?

Kama kuna unafiki katika habari yako, mimi nauona mahali pamoja tu. Ni pale ulipolia, watu wakadhani ni furaha, nawe ukawaacha wadhani hivyo. Hukuwadanganya kwa mdomo, najua. Lakini tangu siku ile unaishi na sifa isiyolingana na hali yako, na sifa hiyo ndiyo inayokuziba mdomo. Unaogopa utaonekanaje. Mwanangu, mzigo wa Bibi unaweza kugawanywa, ila huo wa kuonekana shujaa hakuna atakayekusaidia kuubeba mpaka uutue mwenyewe.

Umenitajia kwamba upendo huvumilia yote. Ni kweli, 1 Wakorintho 13, mstari wa 7. Rudi nyuma mstari mmoja. Paulo anasema upendo "haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli." Kwa hiyo uvumilivu anaousema Paulo hauhitaji kuficha kitu. Ukivumilia huku kijana wa Goba akiendelea kuamini mambo ya mama yake yako sawa, na usharika ukiendelea kuamini kazi imefanyika, unavumilia jambo ambalo si la kweli.

Niseme na la binti yako, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Jibu alilokupa si utovu wa adabu. Ni theolojia iliyonyooka kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia.

Wakristo wengi wanamjua Padre Maximilian Kolbe, Mfransisko wa Poland. Mwaka 1941 alikuwa mfungwa katika kambi ya Auschwitz. Mfungwa mmoja alipokosekana, Wanazi wakachagua watu 10 wa kuuawa kwa njaa. Mmoja wa waliochaguliwa, Franciszek Gajowniczek, akalia akimtaja mke wake na watoto wake. Kolbe akatoka mstarini akaomba achukuliwe yeye badala ya yule baba. Wakamkubalia. Alikufa tarehe 14 Agosti mwaka ule, na Gajowniczek akaishi hadi 1995. Mwaka 1982 alikuwepo Roma Kolbe alipotangazwa mtakatifu. Nakuomba uangalie kitu kimoja katika habari hiyo: Kolbe alitoa uhai wake mwenyewe. Hakumshika mkono mfungwa wa pembeni yake akamsukuma mbele. Na alichokilinda ni baba wa watu.

Usingizi wa binti yako na mtihani wake wa Novemba si vyako kuvitoa. Angekuja mwenyewe akasema, "Mama, Jumamosi nitamsomea Bibi Zaburi," hiyo ingekuwa sadaka yake, na ingemjenga. Lakini kumtuma akalale na mgonjwa anayetakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, kisha asubuhi aende shule, hapana. Liishe leo. Na umwambie kwa nini limeisha, umwambie kwamba alisema kweli. Mtoto aliyeona huduma ya kanisa ikimnyang'anya mama yake anaweza kuja kulichukia kanisa ukubwani, na mimi wa namna hiyo nimewaona.

Huenda utasema, nikimtoa binti na nikapunguza mimi, Bibi atabaki na nani? Ndiyo maana nataka tuuangalie msalaba wenyewe. Yohana 19. Yesu anakufa, pumzi zimebaki chache, na kati ya maneno machache aliyoyasema pale kuna mpango wa matunzo ya mama mzazi. Anamwambia mwanafunzi aliyempenda, "Tazama, mama yako." Na tangu saa ile, Yohana anaandika, mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake. Hata pale hakuwasahau wa nyumbani, wala hakumwacha mama bila mtu. Alimkabidhi kwa jina, kwa mtu aliyesimama pale. Na wewe unachotakiwa kufanya sasa ni kukabidhi. Kuacha ni jambo lingine.

Wa kwanza kukabidhiwa ni wanawe. Biblia haina kigugumizi katika hili. 1 Timotheo 5:4 inasema mjane akiwa na watoto au wajukuu, hao "na wajifunze kwanza kuyatenda yaipasayo jamaa zao wenyewe, na kuwalipa wazazi wao." Kwanza wao. Yule wa Goba usimpigie simu kumlilia hali, maana atakuambia tena Mungu atakulipa. Aitwe na mzee wa kanisa, apewe siku, na aliye Mwanza awekwe kwenye simu kikao kikianza. Kikao kifanyike chumbani kwa Bibi, sio ukumbini kwa mchungaji. Akae pale mpaka saa ya kubadilisha pampasi ifike, na wewe umwoneshe namna ya kumgeuza mama yake. Kama anaona haya kumvua mama yake nguo, hiyo ni haya njema, basi alipie mwanamke wa kuja kuifanya kazi hiyo. Umwekee mezani hesabu ya mwezi: pampasi, sabuni, uji, dawa, nauli. Usiongeze wala usipunguze. Sidhani ni mtu mbaya. Naona ni mtu aliyerahisishiwa, na wewe ndiye unayemrahisishia.

Wa pili ni usharika wako. Matendo 6 inasimulia jinsi wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walivyosahauliwa katika huduma ya kila siku kule Yerusalemu. Watu wakanung'unika, na mitume hawakuwakaripia kwamba wamekosa imani. Wakasema wachaguliwe watu saba wenye kushuhudiwa wema, wapewe kazi hiyo, wakawekewa mikono. Kanisa la kwanza liliona kwamba kumtunza mjane kunahitaji watu waliopangwa, kwa majina. Wachungaji na wazee mnaosoma safu hii, naomba mnisikie kwa upendo. Mkimsimamisha mama mbele akapigiwa makofi, kabla hajarudi kwenye kiti chake mwulizeni mbele ya watu hao hao, "Unahitaji nini, na nani wiki hii atakwenda badala yako?" Kama idara ya diakonia, ile ya kuwahudumia wahitaji, ipo kwenye karatasi tu, makofi hayo yanamgharimu Bibi na yanamgharimu mama huyu pia.

Wewe mwanangu nenda kwa mchungaji ofisini, usimvizie mlangoni baada ya ibada. Mwambie hivi: "Mchungaji, siku ya mavuno nililia kwa uchovu. Nampenda Bibi lakini nimefika mwisho wa nguvu, na siku ile nilikuwa nimemuumiza. Naomba usharika unipe watu wa zamu." Litaje na lile la mkono, usiliruke. Ataelewa kwa haraka kuliko ukizunguka. Kisha kwenye jumuiya omba vitu vinavyoshikika. Ukisema "mnisaidie jamani," wote wataitikia amina na hakuna atakayekuja. Ukisema "Jumanne na Ijumaa mchana nani atamgeuza Bibi? Usiku wa Jumapili nani atalala pale?" utaona mikono, hata kama ni miwili. Kwaya ina watu wangapi? Wakati mwingine waimbe wawili tu huku wanafua.

Usisahau serikali ya mtaa. Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na upo utaratibu wa msamaha wa gharama za matibabu kwa wazee wasio na uwezo. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ukiwa na mzee wa kanisa, muulizie barua ya kumtambulisha Bibi, na hospitali mwombe kuonana na afisa ustawi wa jamii. Hiyo nayo ni kazi ya upendo, na inaweza kufanywa na mzee wa kanisa aliyestaafu mwenye muda, si lazima wewe.

Mumeo nitamgusa kidogo tu kwa kuwa barua yako nayo imemgusa kidogo. Anakula nje kwa sababu ameona nyumbani hakuna nafasi yake, na ameamua kutokuongezea mzigo. Mpe barua hii aisome. Mwombe awepo kwenye kikao na yule wa Goba, maana kuna maneno ambayo kijana yule atayasikia vizuri zaidi yakitoka kwa mwanamume mwenzake.

Na kama wanawe wakikataa, na usharika ukakupa maneno mazuri matupu? Yawezekana. Basi pima unachoweza kufanya bila kumuumiza Bibi na bila kuwaumiza wako, labda ni asubuhi tu, kumsafisha na kumlisha, ukifanye kwa mkono mpole. Zile saa nyingine zinazobaki wazi, watajie mchungaji na mwenyekiti wa mtaa waziwazi kwamba hazina mtu. Usizizibe kimya kimya. Nimeandika hilo nikijua litakuuma, kwa sababu utakuwa unamwona Bibi amelala kwenye saa zisizo na mtu. Lakini ukidondoka wewe, saa zote zitakuwa hazina mtu.

Ile sala ya kumwomba Mungu amchukue, usiifiche mbele zake. Alishaisikia. Wewe ulisema hujui ulimwombea nani. Yeye anajua, na bado amekuamsha kesho yake ukaenda kuchemsha maji ya kumwogesha.

Leo jioni, kabla hujafanya lolote kati ya haya, mpigie mwanakwaya mmoja, yule unayemwamini, umwambie, "Njoo ulale kwa Bibi usiku huu, mimi sina nguvu." Binti yako alale kitandani kwake. Wewe upike, umsubiri mumeo, mle pamoja. Kikao na watoto wa Bibi kisipite wiki mbili, na kikishafanyika uniandikie wamesema nini, hasa yule wa Goba.